Laini ipi nzuri? Swali la Kawajense na historia yake

Nimekuwa kimya kidogo, mishemishe za mji zimenibana. Leo nimerudi na stori ndefu, kwa hiyo kama una chai isogeze karibu.

Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye daladala, simu ikaita. Namba ngeni. Kupokea, kumbe ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko nyumbani Kawajense, Mpanda. Simu yenyewe kaazima kwa jirani.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Vipi, mama mzima?"

"Mzima. Kaka, nina swali. Laini ipi nzuri? Nataka kusajili nyingine."

Nikataka kumjibu haraka haraka nikate, maana konda alikuwa ananidai nauli. Lakini nikamuuliza, ya zamani ina nini? Hapo ndipo mambo yakaanza kutoka. Simu yake imeibiwa sokoni. Kamaliza kidato cha sita, dirisha la maombi ya mkopo wa chuo limebakiza siku tisa, na maombi yake hayajakamilika. Akitaka kuingia kuyamaliza anaombwa namba za uthibitisho, ambazo zinatumwa kwenye laini iliyoibiwa. Akijaribu kwa barua pepe, barua pepe yenyewe ilifunguliwa na kijana wa steshenari moja pale mjini, ambaye ndiye aliyetunga neno la siri. Kijana huyo sasa kahamia mkoa mwingine.

"Basi nenda karudishe laini," nikamwambia. "Ni kazi ya dakika kumi."

Kimya. Kisha akasema, "Laini si ya jina langu, kaka. Aliisajili mjomba."

Mjomba yuko Karema, ziwani. Laini hairudishwi bila alama ya kidole cha aliyesajiliwa, na kidole hakitumwi kwa WhatsApp.

Nilipokata simu nikajikuta nafikiria lile swali lake, laini ipi nzuri. Kila mtu analiuliza. Ninyi mnaniuliza, wafanyakazi wenzangu wanauliza, na tunajibizana kwa bei za vifurushi na spidi. Lakini swali hili lina historia ya miaka thelathini hivi hapa Tanzania, na ukiifuata unagundua kwamba mara nyingi tumekuwa tukiuliza nusu tu ya swali. Twende taratibu.

Watu wa Mpanda tunajua maana ya kukosa cha kuchagua

Nianze na reli, maana kwetu kila kitu kinaanza na reli. Njia ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita kama 210, ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Haikujengwa kwa ajili ya babu zetu. Ilifuata madini ya risasi. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mji ukaendelea kukua pembeni yake. Ukitaka kwenda Tabora kwa treni, hakuna mtu Mpanda anayekuuliza treni ipi nzuri. Kuna treni, au hakuna treni.

Umeme nao ulikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka mingi Mpanda ilikaa nje ya gridi ya taifa, ikategemea majenereta ya dizeli. Na hata kiutawala tulikuwa pembeni, wilaya ya mkoa wa Rukwa, mpaka Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012.

Nayasema haya ili tuelewane: wakati Dar es Salaam inaanza kuchagua kampuni ya intaneti, sisi hatukuwa na tatizo la kuchagua. Njia ilikuwa inakuchagulia.

Gunia la barua

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe ilikuwepo Tanzania, ila ilikuwa ya watu wachache: watafiti, madaktari, wahadhiri, watu wa mashirika. Muhimbili ilikuwa na HealthNet, mradi wa shirika la SatelLife wa kuwaunganisha madaktari. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) nayo ilikuwa na mtandao wa aina iliyoitwa Fidonet.

Fidonet ilifanya kazi hivi. Unaandika barua yako kwenye kompyuta, inakaa pale. Saa ikifika, kompyuta inapiga simu ya kawaida kwa kompyuta nyingine, inakabidhi mzigo wote wa barua kwa mkupuo, inapokea za upande ule, inakata. Ile nyingine nayo baadaye inapigia nyingine, na kadhalika mpaka barua ifike ng'ambo. Kwa mtu wa Mpanda hili halihitaji maelezo mengi. Ni gunia la posta ndani ya behewa, linasubiri treni Kaliua.

Mwaka 1996 intaneti yenyewe ikaanza kuuzwa kibiashara. CyberTwiga ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa, zikafuata nyingine: Africa Online, Raha, Cats-Net, SimbaNet. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa na UCC, Zanzibar ikawa na Zanlink. Hapo kwa mara ya kwanza Mtanzania akaweza kuuliza kampuni ipi nzuri.

Wakati huo swali hilo lilikuwa na maana gani? Ulihitaji kompyuta, modemu na simu ya mezani. Modemu ikipiga, unasikia ile milio kama paka wanagombana, kisha unaunganishwa. Kampuni nzuri ilikuwa ile yenye laini nyingi za kupokea, kwa sababu ukikuta zote zinatumika unasikia mlio wa bize tu. Na ulilipa mara mbili: ada ya kampuni ya intaneti, na dakika za simu kwa TTCL. Aliyekuwa mkoani bila kituo cha karibu alipiga kwa gharama za simu za masafa. Kwa hiyo ubora wa kampuni ulipimwa pia kwa umbali wako na Dar.

Halafu kasi. Modemu ya mwendo mkubwa wa zama zile ilikuwa ya kilobiti 56 kwa sekunde, na hiyo ni kwenye karatasi. Picha moja ya megabaiti moja, ambayo leo unaituma bila kufikiri, ingechukua zaidi ya dakika mbili kama laini imetulia kabisa. Na laini za zamani zilikuwa hazitulii.

Anwani yenye jina la mwenye nyumba

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wa umri wangu hawalijui. Ukijiunga na kampuni, ilikupa anwani ya barua pepe yenye jina lake. Ukaichapisha kwenye kadi zako za biashara, ukawapa ndugu walioko Uingereza na Oman. Baadaye ukisikia kampuni ya pili ina bei nafuu, utahamaje? Anwani haitoki pale. Ni sawa na mpangaji aliyeambiwa kwamba akihama chumba aache na jina lake.

Na kampuni zenyewe hazikudumu kama zilivyokuwa. Jina CyberTwiga leo ukilitaja kwa kijana wa chuo anadhani ni mchezo wa kompyuta. Africa Online ilinunuliwa na Telkom ya Afrika Kusini mwaka 2007. Raha nayo ikaja kununuliwa na Liquid. Kila jina lilipobadilika, kulikuwa na watu nyuma yake wanaoandika upya kadi zao.

Suluhisho halikutoka kwenye sheria wala kwa kampuni hizo. Lilitoka nje. Julai 1996 Hotmail ikaanzishwa Marekani, ikitoa anwani ya bure unayoifungua kwenye kompyuta yoyote duniani. Yahoo ikafuata mwaka 1997, na Gmail mwaka 2004. Kwetu, ambako wengi hawakuwa na kompyuta nyumbani, hii ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili ya intaneti kafe. Ulikuwa unalipa nusu saa au saa, unafungua Yahoo, unasoma barua, unajibu, muda unakwisha, unaondoka. Kesho unaingia kafe nyingine kabisa yenye kampuni nyingine, na barua zako unazikuta pale pale.

Huo ndio utengano wa kwanza, na nauita hivyo makusudi. Njia ilitengana na anwani. Kampuni ya kukuunganisha ikawa kitu kimoja, na mahali barua zako zinapokaa pakawa kitu kingine. Kuanzia hapo ungeweza kuhama bila kupotea.

Ila utengano huo ulileta mtu mpya katikati: yule kijana wa kafe. Wengi wetu mikoani hatukufungua barua pepe wenyewe, tulifunguliwa. Nakumbuka mwaka 2010, Tume ya Vyuo Vikuu ilipoanza kupokea maombi ya vyuo kwa mfumo wa pamoja wa mtandaoni. Mimi nilikuwa bado mdogo. Dada yetu mmoja alinichukua twende naye mjini Mpanda. Tukakaa kwenye benchi tukisubiri umeme urudi. Uliporudi, mhudumu akamuuliza majina, akaandika, akabonyeza, akamkatia kikaratasi chenye anwani na neno la siri. Dada akakikunja akakiweka ndani ya Biblia. Miaka inapita, na ile steshenari ya mdogo wangu ilifanya hivyo hivyo, tena bila hata kikaratasi. Anwani ilitoka mikononi mwa kampuni, ikaishia mikononi mwa mhudumu.

Mawimbi, mikongo na mabango

Turudi kwenye njia. Mwaka 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa muungano wa Detecon ya Ujerumani na MSI ya Uholanzi, na TTCL ikapewa miaka minne ya kuhodhi simu za mezani, hadi Februari 2005. TCRA ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Muda wa kuhodhi ulipokwisha, ukaja utaratibu mpya wa leseni, ambao haukumfunga tena mtu kwenye aina moja ya teknolojia. Kampuni ya simu za mkononi ikaweza kuuza intaneti bila matatizo.

Hapo ndipo mchezo ulipogeuka. Vodacom ikaleta 3G mwaka 2007, na wengine wakafuata. Lakini bado nchi ilikuwa inapumulia satelaiti. Satelaiti za mawasiliano za wakati ule zilikaa kilomita kama 36,000 juu ya ardhi. Ukibonyeza, ombi lako linapanda mpaka kule, linashuka upande wa pili wa dunia, jibu linapanda tena na kushuka. Karibu nusu sekunde imekwenda kabla hata ukurasa haujaanza kufunguka, na bei ilikuwa ya kutisha.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi, Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Mwaka 2010 ukafuata EASSy. Wakati huo huo serikali ilikuwa inachimba Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nyaya za nyuzi za kioo za kupeleka ule uwezo mikoani, zikaja kufika zaidi ya kilomita 7,000. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote nao ulianza kutoa ruzuku kampuni zijenge minara kule ambako hesabu za biashara zinakataa. Mwaka 2015 Halotel ya Viettel kutoka Vietnam ikaingia kwa mtindo wa kuanzia vijijini. Kwa hiyo ndani ya miaka kama kumi, mtu wa Kawajense akatoka kwenye kutokuwa na cha kuchagua, akajikuta anaulizwa na wakala mwenye mwavuli barabarani, "Nikusajilie ya mtandao gani?"

Tazama pia mabango. Mobitel ilikuja mwaka 1994, ikawa Buzz, ikawa Tigo, na Novemba 2024 ikawa Yas. Celtel ya mwaka 2001 ikawa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Minara mingine haijasogea hata hatua moja, ni rangi tu zimebadilika. Anayekuambia "mimi ni mtu wa mtandao fulani tangu zamani" muulize ni jina lake la ngapi.

Pesa, kisha namba

Mwaka 2008 M-Pesa ikaanza Tanzania, na wenzake wakaja. Kwa mara nyingine tukafungwa kwa njia ya zamani: pesa yako ilikaa kwa kampuni, na ukimtumia mtu wa mtandao mwingine ilikuwa ni kazi, anatumiwa meseji yenye namba akatolee kwa wakala wa mtandao wako. Watu wakabeba laini tatu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana kutumiana pesa moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kufanya hivyo. Huo ni utengano wa pili.

Wa tatu ulikuja tarehe 1 Machi 2017: kuhama mtandao bila kubadili namba. Unakwenda kwa kampuni unayohamia, si ile unayoihama, na namba unabaki nayo. Kumbuka tu kutoa pesa kwenye akaunti ya simu kabla hujahama, kwa sababu namba inahama lakini salio halihami.

Ukizipanga hizi tatu kwa mstari mmoja utaona kitu. Kila mara, kilichompa mtumiaji uhuru ni kitu chake kutenganishwa na njia kinapopita. Anwani, pesa, namba. Bei zilishuka pia, ndiyo, lakini bei ikishuka leo huweza kupanda kesho. Tarehe 2 Aprili 2021 tuliamka tukakuta vifurushi vipya, watu wakalalamika mpaka serikali ikavisitisha siku hiyo hiyo. Anayeweza kuhama bila kupoteza kitu ndiye mwenye nguvu siku kama ile.

Halafu kukaja kufungwa kwa aina nyingine. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, na Januari 2020 zilianza kuzimwa ambazo hazijasajiliwa. Lengo lilieleweka, hasa kwetu tuliochoka na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Lakini mnakumbuka foleni za NIDA. Wilayani ilikuwa ni kulala nje. Aliyekuwa na namba tayari akawasaidia wasio nazo: baba akamsajilia mwanawe, shangazi akamsajilia binti wa kazi, mjomba akamsajilia mpwa wake aliyekuwa sekondari. Wema mtupu. Ila kuanzia siku hiyo namba ambayo utaratibu wa 2017 ulikuwa umeitenganisha na kampuni, ikawa imeunganishwa na kidole. Na kidole kilikuwa cha mjomba.

Nani ameshika nini

Sasa nieleze kidogo huduma zenyewe, maana hata sisi wasomi wa mjini tunachanganya. Mtu anasema "sina intaneti" wakati WhatsApp tu ndiyo iliyogoma. Mwingine anadhani Facebook ndiyo intaneti, na hana kosa: Oktoba 2014 Tigo na Facebook walileta Internet.org hapa nchini, na wapo walioingia mtandaoni kwa mara ya kwanza kupitia mlango huo wa bure, wakakuta chumba kimoja wakadhani ni nyumba nzima.

Kampuni ya simu imeshika njia, namba na pesa yako ya simu. Barua pepe imeshikwa na Google, Yahoo au mwingine, na mara nyingi picha zako unazoziweka akiba mtandaoni ziko hapo hapo. WhatsApp, ambayo Facebook iliinunua mwaka 2014, haijui jina lako wala barua pepe yako kwanza. Inajua namba. Mwenye namba ndiye wewe. Mifumo ya mikopo, vyuo, benki na ajira, yote ukisahau neno la siri inatuma tarakimu kwenye namba au kwenye barua pepe.

Kwa maneno mengine, namba ya simu imekuwa ufunguo wa funguo zote. Ikipotea na huwezi kuirudisha, umefungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe. Tena namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huweza kumgawia mtu mwingine, na huyo mtu akipokea zile tarakimu, mlango unamfungukia yeye.

Na njia je? Hapa nina habari isiyopendeza kwa wabishi wa spidi. Simu yako inaongea na mnara. Mnara unaongea na mkongo wa nchi kavu. Mkongo unakwenda Dar na kuingia baharini. Bango ni tofauti, shimo la waya mara nyingi ni lile lile. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilipata hitilafu baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Wenye laini tatu walikaa kimya sawa na mwenye moja. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, hapakuwa na kampuni nzuri wala mbaya. Tulikuwa wote Mpanda: kuna treni, au hakuna treni.

Mjomba apanda kutoka Karema

Basi ilikuwaje kwa mdogo wangu? Siku tisa zikawa saba. Tulimtafuta kijana wa steshenari, akapatikana. Muungwana, akasema hakumbuki neno la siri, amewafungulia watu wengi mno. Tukajaribu majina na miaka ya kuzaliwa, mpaka mtandao ukatuzuia.

Ikabaki njia moja. Mama mdogo akampigia mjomba. Mjomba ni mtu wa dagaa, siku zake zinapangwa na mwezi na upepo. Akasema, "Mnataka nije Mpanda kuweka kidole?" Mama mdogo akamwambia, "Kaka, ni chuo cha mtoto." Siku ya nne akafika, amechoka, na vumbi la Karema mpaka kwenye nyusi. Akaweka kidole kwenye mashine ya wakala. Mara ya kwanza ikakataa, maana mikono ya mvuvi imesuguliwa na kamba miaka yote hiyo. Mara ya pili ikakataa. Akaenda kunawa kwa sabuni, akafuta na shati. Mara ya tatu ikakubali.

Jioni ile laini ikawaka. Tarakimu sita zikaingia. Maombi yakamalizika siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Kesho yake, kwa kuwa sasa ana miaka 19 na namba yake ya NIDA, mdogo wangu akarudi na mjomba kwa wakala, laini ikahamishiwa kwenye jina lake. Mjomba akala ugali, akageuza.

Baadaye dogo akanipigia tena. "Kaka, hukunijibu. Laini ipi nzuri?"

Nikamjibu hivi, na nyie wasomaji chukueni kama linawafaa.

Kwanza, iliyo kwa jina lako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, fuatilia. Na ile unayoitumia isipokuwemo, anza kuhangaika leo, si siku dirisha linapofungwa.

Pili, yenye mnara unaokusikia pale unapolala na pale unapofanyia kazi. Sifa za Dar hazisaidii Kawajense. Azima laini ya jirani, ijaribu saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni, ndipo ununue.

Tatu, soma kifurushi kinakwisha lini kabla ya kusoma kina ukubwa gani. Gigabaiti kumi za masaa 24 kwa mtu anayetumia WhatsApp tu ni chakula cha harusi kwa mtu mmoja.

Nne, barua pepe ifungue mwenyewe, kwa vidole vyako, na neno la siri alijue Mungu na wewe. Weka na njia ya pili ya kuirudisha. Kwenye WhatsApp weka ile namba ya siri ya tarakimu sita, ili hata laini ikiangukia kwa mtu mwingine asiingie moja kwa moja.

Tano, usiogope kuhama. Hiyo haki ipo tangu 2017 na wengi hawajawahi kuitumia.

Akasikiliza yote. Kisha akacheka, "Sasa kaka, si ungesema tu iliyo yangu?"

Kweli, ningesema tu hivyo. Waulize na wazazi wenu huko nyumbani, laini zao ziko kwa jina la nani. Halafu mnisimulie.

Tuko pamoja. Alamsiki.